Bastola Iliyonishika Mkono

Jumatatu, 3 Juni

Insha naandika kwa Kiingereza. Mambo ya aibu yanataka Kiswahili.

Nimepewa sentensi moja katika mchezo wa shule: "Inspekta, muuaji ni yule pale!" Moja tu, na tayari natafuta pa kujificha. Ijumaa, mbele ya wazazi wote! Muuaji ni binamu yangu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ana kurasa nne. Kaniambia nisihofu, hata nikizirai watu watadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Leo mwalimu wa maigizo kaleta bastola ya marehemu babu yake. Ya kweli! Mtutu umezibwa kwa chuma, haiui hata inzi. Lakini jamani, uzito wake! Niliposhikishwa, nusura iniponyoke. Ubao mmoja wa mshikio unachezacheza kama jino la mtoto. Mwalimu akauliza nani anamjua fundi.

Nikanyoosha mkono, nikasema fundi ni mimi. Sijui nani alinisemea.

Jumanne, 4 Juni

Mpango. Nikiitengeneza, naomba niwe mtunza vifaa. Mtunza vifaa hukaa nyuma ya pazia, hasemi neno. Sentensi yangu apewe mwenye mdomo. Akili zote hizi nimezirithi kwa nani?

Jumatano, 5 Juni

Nimefungua skrubu kwa bisibisi ya cherehani ya shangazi. Ubao ukatoka.

Sikujua! Ndani kuna ulimi mwembamba wa chuma, umepinda kama upinde, ndio unaosukuma kila kitu. Na kila pembe imesuguliwa hadi inang'aa, hata zile zilizofichwa chini ya mbao. Nani alisugua kule? Alijua hakuna atakayeona, akasugua tu, akafunga, akaenda zake. Nilikaa kitandani nikiitazama mpaka chai ikapoa. Nilijihisi mdogo, lakini vizuri.

Redio kaingia kunicheka. Kaona. Kanyamaza, wallahi! Halafu kauliza kama naweza kuirudisha, nikamwambia aondoke.

Tatizo: tundu la skrubu limepanuka. Skrubu inazunguka, haishiki.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi kasema nichomeke kijiti cha kiberiti tunduni, itakaza. Kijiti! Kwa kitu cha heshima vile? Nimenunua gundi, ile ya tyubu ndogo inayoshika kabla hujatubu.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nikapaka gundi. Kwenye tyubu imeandikwa: bana kwa nguvu. Nikabana kwa nguvu. Gundi ikafurika pembeni.

Ubao umeshika. Na kiganja changu kimeshika.

Shangazi kajaribu sabuni. Kajaribu kuvuta, nikapiga yowe. Kasema mwanangu, twende shule hivyo hivyo. Tukaenda, nikiwa nimefunikwa kanga mkono mzima kama niliyevunjika.

Mwalimu katazama mkono. Katazama saa. Wazazi wameshakaa. Kasema bastola iko kwa nani? Basi huyo ndiye muuaji. Kurasa nne zikafutwa palepale, muuaji akawa mtu asiyesema. Redio kapewa sentensi yangu. Kaninong'oneza kwamba damu si maji lakini leo ni maji.

Nikasukumwa jukwaani. Nikainua mkono, kwa sababu ndiyo kazi pekee uliyoweza.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Mama mmoja wa mstari wa mbele akamkumbatia mtoto wake. Ule ukimya wangu, unaochekwa nyumbani kila siku, ulisimama pale mkubwa kama mlima, nami nikiwa chini yake nashangaa pamoja na wazazi wale. Redio aliposema ile sentensi, sauti yake ilitetemeka. Sauti ya Redio!

Walipiga makofi hadi madirisha yakalia.

Jumamosi, 8 Juni

Mafuta ya kula na maji ya moto. Bastola ikatoka, ubao ukabaki kiganjani. Ubao nao ukatoka, pamoja na ngozi kidogo. Shangazi kachomeka kijiti chake, kakaza skrubu. Sasa ubao hauchezi hata ukiutikisa. Bahati tu.

Mwalimu kaja kuichukua. Kasema hajawahi kuona ukumbi ukitulia vile. Kasema mchezo ujao mimi ni malkia. Kurasa kumi na mbili. Za kusema!

Nimelia kidogo, kisha akili ikarudi. Spika za ukumbi zinakoroma, na fundi wa sauti hukaa nyuma kabisa ambako hakuna anayemtazama. Nimeshamwambia mwalimu nazitengeneza mimi. Sijawahi kufungua spika. Lakini spika ni nini mbele ya mtu aliyefungua bastola?