Paa Moja la Hilaire

"Mutu mwenye iko na motokari kama hii, hana lazima ya nyumba!"

Hilaire alitangaza hivyo mbele ya mtaa mzima wa Kisangani, mguu mmoja juu ya bampa, kofia nyeupe ya jua kichwani, mwaka ule wa hamsini na tano, na hakuna aliyembishia. Si kwamba walikubali. Walikuwa bado wanatafuta pa kuanzia kucheka.

Maana hiyo motokari, jamani! Ilikuwa kamyoneti kuukuu ya kubebea mizigo, aliyoachiwa na Mgiriki mmoja muuza chumvi, na kila asubuhi ilikohoa mpaka kuku wa jirani wahame. Hilaire, karani wa depo la pamba, alikuwa amewaona wazungu wa Yangambi wakienda kulala porini kwa hiari yao, na viti vya kukunja na meza ndogo ya chai. Wanaita kampingi. Mtu ana kitanda chake, anakiacha, anakwenda kuumwa na mbu, halafu anarudi akijisifu. Hilaire aliona huo ndio ustaarabu wenyewe.

Basi akajenga chumba nyuma ya kamyoneti. Godoro alilitoa nyumbani. Mbao alizitoa kwenye kabati la mkewe, Émilie, nguo zikabaki zimelala mkekani. Sakafu ilipopungua, aling'oa mlango wa chumba chao cha kulala, na kitasa chake na bawaba zake, akaulaza humo. Ukakaa sawasawa. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa paa. Aliunganisha mabati kutoka kioo cha mbele hadi mkiani, juu ya dereva na juu ya chumba, bila nafasi hata ya kupitisha kidole.

"Paa moja," aliwaambia majirani. "Bon, mvua itapita wapi?"

Émilie hakugombana. Alipokuta pazia mahali pa mlango, alikunja vitenge vyake, akavuka mto, akarudi kwa mama yake Lubunga. Kwa jirani aliacha neno moja tu: siku mlango utakaporudi, naye atarudi.

Hapo Hilaire alinywea. Tuseme ukweli, alimpenda sana yule mwanamke. Bila yeye nyumba ilimpwaya, na lituma aliyojitwangia mwenyewe, ndizi na mafundo yake, hata bata waliikataa. Lakini kubomoa sakafu ya motokari yake, watu wakiangalia? Aibu hiyo angeiweka wapi? Afadhali Émilie aipande mara moja tu, aone raha yake, asahau habari ya mlango.

Nafasi ikapatikana. Mama Berthe, mama mkwe wake, alitakiwa Yanonge kufunga matanga ya kaka yake. Watu wa mto huenda Yanonge kwa maji: wanaingia mtumbwini alfajiri, jioni wamefika na wanakula. Hilaire akatuma habari kwamba atawapeleka yeye, mama na binti, kwa nchi kavu, kwa kampingi, kwa starehe. Mama Berthe alikuwa mwanamke mpana, wa maneno machache, na maisha yake yote hajapanda motokari. Alikubali kabla mjumbe hajamaliza kusema.

Sasa, kila mtu anajua mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Neno la mama hupitia kwa binti, hata kama mkwe amesimama pale pale na masikio yake. Hilaire hakuwa mjinga. Kamyoneti ilipovuka hadi Lubunga kwa kivuko, alimweka Mama Berthe nyuma, chumbani, kwenye kiti kikubwa, na mwiko mkononi wa kugonga bati akiwa na la kusema. Alijiona amefikiria yote.

Walipopita nyumba za mwisho, Hilaire aliiacha barabara. Barabara ina watu, alieleza, na kampingi ya kweli inataka pori. Akashika njia ya zamani ya wakata mbao, ambayo majani yalikuwa yameshairudisha kwao. Mwiko haukupumzika. Émilie, aliyekaa mbele kando ya mumewe, alipeleka maneno na kuyarudisha: mama anauliza kama hii ni njia, mama anauliza kama dereva anaona mbele.

Alasiri wakapiga kambi. Hilaire akakunjua meza, akatandika kitambaa cheupe, akapanga sahani. Émilie akapakua pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wa moshi. Ndipo bwana mkubwa alipobaki ameshika kiti hewani. Meza ilikuwa moja! Akachukua sahani yake, akaenda kula nyuma ya mti, amesimama, akiipa mgongo karamu yake mwenyewe.

Halafu mawingu yakaja. Mama Berthe alikuwa ameshalibonyeza godoro, ameshalipenda, ameshajilaza. Hilaire akafungua mlango wa mbele ili ajikunje pale kwenye usukani. Mwiko ukagonga.

"Mama anasema," Émilie alisema, macho chini, "hapo pia ni chini ya paa yake. Paa iko moja."

Hilaire akatazama juu. Kweli, lilikuwa moja, kutoka kiooni hadi mkiani, kazi ya mikono yake. Na mkwe kulala chini ya paa moja na mama mkwe, hilo hata mlevi halifanyi. Akainama, akachungulia uvungu wa gari.

"Na huku chini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Émilie akaenda, akarudi, amebana midomo. "Anauliza, chini ya motokari si chini ya paa?"

Mvua ikaja yote. Hilaire aliipokea chini ya majani mapana aliyojikatia, kofia ya jua ikimpigia ngoma masikioni, huku akisikia mkoromo wa mama mkwe, mzito, wa mtu aliyeridhika. Paa halikuvuja hata tone.

Asubuhi Mama Berthe aliamka mpya kabisa. Kamyoneti haikuamka: potopoto ilikuwa imemeza magurudumu ya nyuma. Hilaire akasukuma, akachimba, akatia matawi, na gurudumu likazunguka likimpaka uso mzima. Palihitajika kitu kipana cha mti mgumu, cha kuweka chini yake. Mume na mke walijua wote wawili kiko wapi.

"Ukiuvunja," Émilie alisema, "usinifuate tena Lubunga."

Hilaire akavua kofia. Akaung'oa mlango sakafuni, akaubeba kichwani, akaulaza kwenye tope taratibu kama anayelaza mtoto. Akapanda, akamkumbuka Mungu, akakanyaga. Mlango ulilia, gari likaruka. Akashuka mbio akaupangusa kwa shati lake la ofisini: alama ya tairi toka juu hadi chini, kona moja imekwenda zake, lakini mzima! Akakaa pale pale kwenye potopoto, akaukumbatia. Émilie akageuka upande, mabega yakimtikisika kwa kicheko, cha kwanza tangu aondoke nyumbani.

Njia iliishia mtoni. Si kivukoni, mtoni tu. Wavuvi wa pale walicheka mpaka wakakaa chini, halafu, kwa kuwa walimfahamu marehemu, wakafunga pamoja mitumbwi mikubwa, wakapanga magogo juu yake, na mlango juu ya magogo. Hilaire akalala tena nje. Kesho yake kamyoneti iliingia Yanonge kwa maji, kule kule ambako ingefika bila kampingi yoyote, na Mama Berthe amekaa juu kwenye kiti chake, akimwita kaka yake kwa kilio. Ndugu walikuwa wamemngoja. Aliangua machozi ya kweli, nao wakalia naye, na baadaye wakamuuliza habari za gari.

Hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kufika matanga kwa namna ile, na Mama Berthe alilijua hilo. Siku ya kuondoka alitoa hukumu kupitia kwa binti: Émilie atarudi kwa mume wake. Ila mama atakuja mwenyewe, aone kwa macho yake mlango umesimama. Hilaire alicheza pale pale ufukoni.

Mlango ukarudi mahali pake, na alama yake ya tairi. Mama Berthe akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akakubali kwa kichwa. Halafu akataka godoro liingizwe ndani, maana mgongo wake umeshalizoea. Siku ya kurudi Lubunga hakuitaja, na nani angemuuliza? Jioni mawingu yalikusanyika upande wa mto Tshopo, na Hilaire amesimama uani na sahani yake ya lituma mkononi. Nyumba ilikuwa na paa moja.

Akamwita Émilie, akamuuliza kwa kunong'ona yeye atalala wapi. Émilie akaingia, akarudi.

"Mama anasema, mutu mwenye iko na motokari kama hii, hana lazima ya nyumba."

Majirani sasa walijua pa kuanzia kucheka. Matone ya kwanza yalipoanguka, Hilaire alipanda kwenye kamyoneti, akajikunja kando ya tundu la sakafu. Ndani ya nyumba, mlango wa chumba cha kulala ukafungwa. Ulifunga vizuri kabisa, bila kelele, maana bawaba alizitia mafuta mwenyewe.