Dhamana ya Mtu Ambaye Hajakamatwa

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba hatalala korokoroni hata usiku mmoja. Leo, katika kuitekeleza ahadi hiyo, nimevuliwa nguo mbele ya mahakama nzima hapa London. (Nguo ninazo. Heshima ndiyo iliyobaki kule.)

Nieleze kwa utaratibu. Shangazi, dada yake baba, hutunza wazee katika nyumba moja huko Ilford. Majuzi bibi mmoja anayemhudumia alikutwa na michubuko mkononi. Shangazi akasimamishwa kazi, kisha ikaja barua ya polisi: afike kituoni kuhojiwa kwa hiari, Ijumaa, saa nne asubuhi. Kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwenye kazi hiyo. Kazi ikienda, naye anakwenda.

Mimi nina shahada ya sheria kutoka Nairobi, na sasa nasomea haki za binadamu hapa. (Likumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.) Nilipoliona neno "Ijumaa", nililisoma mara mbili. Kwetu hakuna asiyejua maana ya kuitwa na polisi siku ya Ijumaa: unaingia kujibu maswali mawili, unatoka Jumatatu ukinuka seli. Ndiyo maana waheshimiwa wetu hukimbilia Mahakama Kuu kuomba dhamana kabla hawajakamatwa. Kwa nini haki hiyo iwe ya wenye walinzi na magari makubwa peke yao?

"Lakini wameandika ni kwa hiari," shangazi alisema jana. Alikuwa ameandika kila kitu katika daftari: saa aliyomwogesha bibi, saa aliyomlisha, jinsi alivyomkuta asubuhi ile. "Mimi nataka tu kwenda kuwaeleza."

"Shangazi, hiari ya polisi naijua. Tutaanzia kortini."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nikaandika hati ya kiapo ya kurasa tisa. Nikatafuta na mdhamini: Mzee Wafula, shemasi wa kanisa letu la Thamesmead, mtu mwema asiyemnyima mtu msaada.

Leo saa tatu na nusu tulikuwa mlangoni pa mahakama. Mzee Wafula amekuja na suti ya Pasaka, pasipoti na barua ya mwajiri wake. Karani, dada mmoja mwenye orodha mkononi, akauliza:

"Jina la mshtakiwa?"

"Hajashtakiwa."

"Basi ni shahidi?"

"Hapana. Ni mwombaji."

Akaitazama orodha, akanitazama mimi, akatuonyesha viti vya watazamaji. (Mtu mwenye akili angeelewa hapo.)

Tukangoja zaidi ya saa nzima. Shangazi haondoi macho kwenye saa ya ukutani.

"Mwanangu, muda unakwenda."

"Tulia, shangazi. Tuko mikononi mwa sheria."

Kesi moja ilipoahirishwa, hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akainua kichwa. Nikasimama. Nikainama, kama tulivyofundishwa.

"Mheshimiwa, naiomba mahakama hii tukufu impe mama huyu dhamana!"

Karani akaanza kunijia. Hakimu akamzuia kwa mkono.

"Wewe ni wakili?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Mama huyu amekamatwa?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Ameshtakiwa?"

"Bado."

"Sasa unataka nimwachilie kutoka wapi?"

Jamani! Ukumbi ulicheka. Mwendesha mashtaka alicheka. Jamaa aliyekuwa kizimbani kwa wizi wa pikipiki alicheka hadi akajishikiza kwenye kioo cha kizimba. Mzee Wafula naye, akidhani zamu ya mdhamini imefika, alisimama akainua pasipoti yake juu ili ionekane vizuri.

Hakimu peke yake hakucheka. Alinieleza kwa upole (na upole huo ndio ulioniuma) kwamba sheria ya hapa haina dhamana ya namna hiyo. Kisha akauliza, "Mahojiano yake ni lini?"

"Leo, Mheshimiwa. Saa nne."

Ukumbi mzima ukageuka kuitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Hapo hapakuwa na wa kucheka.

"Mpeleke," hakimu alisema. "Sasa hivi."

Nje nilipiga simu kituoni. "Tulimngoja," afisa akasema. "Hata wakili wa bure alifika kwa ajili yake. Amekaa nusu saa, ameondoka." Wamempangia Jumatatu. "Asipofika tena, tutalazimika kumkamata."

Yaani nimekwenda kuomba asikamatwe, nikarudi na sababu ya kumkamata.

Ndani ya basi shangazi hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alilifungua daftari lake, akalifunga.

"Yule bibi hali chakula akilishwa na mgeni," akasema akitazama nje. "Saa hizi ningekuwa nimeshawaeleza."

Nikamwambia nitamsindikiza Jumatatu.

"Hapana, mwanangu. Jumatatu nitakwenda na yule wakili wao. Wewe baki usome."

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe Mzee Wafula, kwa moyo wake mweupe, alikuwa ameandika katika kundi la kanisa tukiwa bado tumekaa ukumbini: "Tumwombee dada yetu, leo yuko mbele ya hakimu." Tulipofika nyumbani Thamesmead, simu ya shangazi haikunyamaza. Mmoja alimpa pole ya kesi. Mwingine aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, amefungwa miaka mingapi. Baba yangu amepiga kutoka Kakamega akilia, na sijawahi kumsikia baba akilia. Shangazi amezima simu. Ameketi jikoni na koti lake mwilini.

Nichekeni mimi, nimestahili. Lakini nawaomba jambo moja. Mtu akikuambia kwamba shangazi yangu amefikishwa mahakamani, mwambie hajakamatwa, hajashtakiwa, na ana maelezo yake tayari. Akibisha kwamba alionekana huko kwa macho, mwambie ni kweli. Mwambie nilimpeleka mimi.