Siku Chochote Alipotaja Bei Akanyamaza

Sogeeni karibu, enyi wenye nyasi na msio na nyasi, wekeni chini mlichoshika, isipokuwa kama ni mtoto, mnipe masikio yenu yote mawili. Nawaletea habari nzito ya mtu mmoja, mkata nyasi, ambaye asubuhi ya Jumamosi alisimama mbele ya mteja akaitaja bei ya kazi yake, kisha hakuipunguza. Msinicheke. Nilikuwapo. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka rangi madirisha ya nyumba ile ile, na mpaka rangi ni shahidi asiyeshindika, kwa maana hakuna anayekumbuka kwamba yupo.

Shujaa huyu wazazi walimpa jina, lakini mtaa ulimpa jingine nalo ndilo lililoshika: Chochote. Ndiye Chochote mwenye mkono mwepesi, bwana wa mashine yenye magurudumu matatu na tofali moja, ambaye akipita uwanjani nyasi hulala sawasawa kama shuka la mgeni. Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Bei ndiyo iliyokuwa ikimuua. Mteja akimuuliza ni kiasi gani, Chochote angetazama viatu vyake na kusema, "Nipe chochote tu." Akibanwa sana angetaja, tuseme, elfu kumi na tano, na kabla mteja hajavuta pumzi angeongeza mwenyewe kwamba hata kumi na mbili si mbaya, hata kumi, na kama leo mambo ni magumu basi nane, na nyasi za nyuma ya nyumba atamalizia bure. Wateja hawakumpunja. Walikuwa wakisimama tu wakimwangalia anavyojipunja.

Na tazameni mlima uliokuwa mbele yake. Mkewe, fundi cherehani, mama wa mkasi na tepu, ambaye hajawahi kumshonea mtu hata kifungo bila kwanza kusema bei, alimkalisha kitako siku ya Jumatano, nami nikiwa jirani yao wa mlango kwa mlango na kikombe cha chai mkononi. Akamwambia maneno haya, kwa sauti ya chini, na ndiyo maana yaliogopesha:

"Baba watoto, mimi sijakasirika. Nimechoka. Kaka yangu anatafuta mtu wa kuhesabu mifuko ya saruji dukani kwake, na Jumatatu anataka jibu. Jumamosi unakwenda kwa Mwalimu kumtajia bei ya uwanja wake. Akikataa bei yako, sawa, ni haki yake. Lakini ukijikataa mwenyewe tena, mashine tunaiuza na wewe unakwenda kwenye saruji."

Chochote akainamia viatu vyake. Mtu huyu anapenda kazi yake kuliko ninavyopenda ya kwangu, nasema bila aibu. Anapenda harufu ya nyasi mbichi, anapenda kugeuka mwisho wa mstari na kuuona mstari wenyewe umenyooka. Kumweka chini ya bati, kati ya mifuko ya saruji, ingekuwa ni kumzika akiwa na njaa na ufahamu wake wote. Nikaona haya kuendelea kunywa chai, lakini nikaimaliza.

Hapo mke akatwaa tepu na kuanza kumnoa mumewe kwa vita. Alimsimamisha ukumbini, akamwambia atembee kawaida, akapima hatua yake: sentimita themanini. Akamwagiza akaupime uwanja wa Mwalimu kwa hatua hizo, wala asimwangalie mwenye uwanja usoni, kwa sababu kosa la mumewe ni kupima uso wa mteja badala ya nyasi. Yeye akiletewa kitambaa, alisema, haulizi mwenye kitambaa amelalaje. Anapima kifua, anapima mikono, anahesabu uzi na siku, anasema bei, halafu anafunga mdomo. Huko kufunga mdomo, alimweleza, ndiko kazi yenyewe ilipo. Jioni yote walifanya mazoezi. Mke alikuwa mteja. Chochote alitaja bei mara kumi na moja, na mara kumi na moja akajipunguza, na mara moja alimpunguzia mkewe mwenyewe mpaka akabaki na deni.

Ijumaa alikuja uwanjani Mwalimu akiwa sokoni, nami, nikiwa tayari nimeanza madirisha yake, ndiye niliyemfungulia geti. Akapima kwa hatua zake, arobaini kwa ishirini na tano, akainama kukagua kingo za maua, akainua jiwe lililojificha kwenye nyasi ambalo lingevunja kisu, akaandika yote kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu. Aliondoka akinong'ona tarakimu njia nzima.

Ikapambazuka Jumamosi. Ee ulimi, usiteleze, nimefika penyewe. Mwalimu alitoka barazani. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi mwenye miwani inayokaa nchani mwa pua, ambaye nusu ya watu wazima wa mtaa huu wakimwona bado huficha mikono mgongoni. Na katika nusu hiyo yumo Chochote, kwa kuwa mama huyu alimfundisha hesabu darasa la tano, wala hakuridhika naye. Alisema anataka uwanja ukatwe mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima, na akauliza kila safari ni kiasi gani.

Nilisimamisha brashi. Chochote akanyoosha mgongo, akatazama nyasi kama alivyofundishwa, akanena:

"Elfu kumi na nane, Mwalimu."

Kisha akanyamaza.

Ndugu zangu, mmesikia habari za watu walioshika ngome siku arobaini. Chochote alishika mdomo kwa muda ambao rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi yangu, ikatua begani, ikateremka mpaka kwenye kiwiko. Midomo ilianza kujipanga kusema "lakini", nikaiona kabisa ile "la" ikichungulia, naye akaimeza. Nikamwombea kwa moyo wote, mimi ambaye bei ya madirisha nilikuwa nimeipunguza kwa elfu nne kabla hata sijaombwa.

Mwalimu akashusha miwani. Hakusema ghali, hakusema rahisi. Akauliza, "Umeipataje?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Chochote alitazama kiganja chake. Jasho lilikuwa limeosha kalamu yote, kimebaki kiwingu cha bluu. Nikajua saruji imepata mtu wake. Lakini yule aliyetembea hatua zile kwa miguu yake hakuhitaji kusoma. Akaanza kueleza, polepole, akihesabu kwa vidole. Petroli, elfu tano. Kunoa kisu, elfu mbili, maana uwanja una mawe. Mkokoteni wa kubebea mashine, elfu tatu. Saa nne za kazi pamoja na kingo za maua na kuzoa nyasi, elfu mbili kila saa, ndiyo elfu nane. Jumla kumi na nane.

Mwalimu alikuwa amefumba macho akimfuata kwa kichwa. Alipoyafumbua alikuwa amekunja uso uleule wa darasa la tano.

"Umekosea," alisema.

Chochote akaficha mikono mgongoni.

"Mkokoteni umeulipia kuja," Mwalimu aliendelea. "Kurudi je? Mashine italala hapa kwangu? Umehesabu kwenda, hujahesabu kurudi nyumbani."

Na hapa, enyi mnaonisikiliza, ndipo adui wa kweli alipojitokeza, kwa sababu kumbe hakuwa Mwalimu hata kidogo. Alikuwa ndani ya Chochote, mtu mwenye huruma isiyoombwa, na alikuwa tayari amepanda mpaka kooni na maneno yake matamu: hiyo ya kurudi niachie tu, nitaisukuma mwenyewe, si mbali. Nilimwona Chochote akifungua mdomo. Nikashika ngazi. Akaufunga. Akatazama tena nyasi, muda mrefu, zile nyasi ambazo Jumatatu huenda zingekuwa za mtu mwingine.

"Basi ni elfu ishirini na moja," alisema, akasimama palepale.

"Sasa umepata," akasema Mwalimu. "Uanze Jumanne. Na uje umevaa viatu vya kufunika, si hivyo."

Akaingia ndani. Basi wanaoandika habari za dunia waandike na hii, kwamba siku hiyo, kabla jua halijapanda juu ya paa, bei ya Chochote ilipanda badala ya kushuka, na hapakuwa na ngoma wala baragumu, palikuwa na mimi tu niliyejaa rangi, nikipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

Tulirudi pamoja. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, na bila kuinua kichwa akauliza amepunguza kiasi gani.

"Imeongezeka," Chochote akasema.

Mguu ukasimama. Akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, nami nikaapa kwamba ni kweli. Alifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, akaichukua simu akampigia kaka yake.

"Kaka, yule mtu wa saruji, tafuta mwingine," alisema. Akasikiliza kidogo. "Hapana, haumwi. Mume wangu ana kazi."