Mkate Wangu na Mkate wa Laurenti

Jumatatu, 15 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Misigiri na basi la saa nne. Nimemwamkia kwa adabu zote: nimechuchumaa upande wa pili wa ua, macho chini, shikamoo mama. Marahaba ikatoka, kavu kama kawaida. Nilimwoa binti yake Eliza miaka ishirini na mbili iliyopita, na Bi Raheli hajawahi kunipa zaidi ya maneno matano kwa siku. Leo nimepata manne.

Amekuja kwa ajili ya kipaimara cha Martina, mtoto wetu wa mwisho. Ni Jumapili hii. Kwao hakuna kipaimara bila mkate wa asali. Unga wa ngano, togwa ya uwele iliyochachuka vizuri, asali, mafuta ya alizeti. Unaokwa kwenye sufuria nzito ya chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Sufuria hiyo aliachiwa na mama yake, na ameibeba mapajani toka Misigiri. Mwaka huu amesema mikono inamuuma na hakandi tena. Anatafuta mrithi wa sufuria.

Laurenti akapiga simu kutoka mjini. Huyu amemwoa mdogo wake Eliza, kwa hiyo kila nikienda ukweni namkuta amekaa kwenye kiti kizuri. Sasa amenunua oveni ya umeme. Akasema nisihangaike, mkate wa Martina ataoka yeye. Nikamjibu kwamba mkate wa mwanangu utaokwa na baba yake! Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Maishani mwangu sijakaanga hata andazi.

Mama mkwe akatoa hukumu kupitia kwa Eliza: tuoke wote wawili, Jumapili ataonja, atakayempendeza ndiye atakayechukua sufuria.

Nilikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni hadi nilipostaafu miezi mitatu iliyopita. Magodoro mia nne, halikupotea hata moja. Mkate mmoja utanishinda?

Kikwazo ni kimoja tu. Mkwe haingii jikoni aliko mama mkwe. Mwalimu yumo ndani ya ua wangu, na mimi siruhusiwi kuvuka kizingiti cha darasa. Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Hapa itaandikwa mikakati.

Jumanne, 16 Septemba

Mkakati Namba Moja. Jiko letu liko nje, na banda la kuku limejengwa kwenye ukuta uleule. Nilijua leo mama mkwe atamwonyesha Eliza namna ya kuchachusha togwa. (Eliza alikulia shule za bweni. Alirudi kwao na vyeti, mkate hakuujua.) Saa tatu asubuhi nikaingia bandani na kalamu na daftari.

Nimesikia kila kitu. Naandika hapa kama nilivyosikia. Unga: wa kutosha. Asali: usiionee huruma, lakini usiimwage. Maji: yale ya kikombe kile, sio hiki. Muda wa kuchachuka: mpaka itakapokwambia.

Nani atakwambia? Togwa?

Ndipo nikakohoa. Vumbi la kuku si mchezo. Kisha mama mkwe akamwambia Eliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba kuku wa hapa Mwankoko siku hizi wanakohoa kama wastaafu.

Jioni. Utitiri. Mwili mzima. Eliza amenipaka mafuta ya taa mgongoni huku akinishauri niende nikaulize tu. Akasema mficha uchi hazai. Nikamkumbusha kwamba nimekwisha zaa watatu.

Jumatano, 17 Septemba

Wanawake wote wamekwenda kwenye maombi ya jumuiya. Jiko tupu! Nikaingia kama mwenye nyumba, ambaye kwa kweli ni mimi.

Nimetumia sufuria yetu ya kawaida. Unga wa kutosha, asali ya kutosha. Nikaweka makaa mengi chini na machache juu, maana akili inasema moto hupanda. Nikafunika. Baada ya dakika tano nikafunua kuangalia. Nikafunika. Nikafunua. Upepo wa mwezi huu mnaujua wenyewe: kila nikifunua, majivu yanaingia kwanza, macho yangu yanafuata.

Matokeo: chini mkaa, juu majivu, katikati uji. Nikauchoma kisu, kisu kikabaki humo.

Nikauzika nyuma ya choo kabla hawajarudi. Kaburi zuri, nikalisawazisha kwa jembe. Saa kumi mbwa wa jirani akaufukua, akauvuta hadi mlangoni, akauacha miguuni pa mama mkwe. Hata mbwa hakuula. Mama mkwe akaugeuza kwa ncha ya fimbo, akamuuliza Eliza kama hapa kwetu tunafyatua matofali.

Maneno hayo hayakuelekezwa kwangu, kwa hiyo sikuyahesabu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimegundua kosa. Kosa ni uchachu! Mama mkwe anatumia togwa peke yake, mambo ya zamani. Laurenti bila shaka anatumia hamira. Mimi nitatumia vyote, kila kimoja mara mbili. Mkate utapanda hadi darini.

Unga unataka joto. Sehemu yenye joto na isiyo na mama mkwe ni moja tu: kabati la nguo chumbani. Nikakanda ndani ya ndoo ya lita kumi, nikafunga mfuniko kwa nguvu, nikaiweka ndani ya kabati chini ya suti yangu ya kipaimara. Nikaenda kulala kidogo kama wastaafu wanavyolala mchana.

Mlio kama tairi la lori likipasuka. Nikadhani tumevamiwa.

Suti ilikuwa ya kijivu. Sasa ni ya uwele. Unga umeingia hadi kwenye mifuko ya ndani. Gauni la Eliza la kitenge limenusurika kwa kuwa lilikuwa kwa fundi, na hilo nimemwambia Eliza tumshukuru Mungu. Hakuona sababu ya kushukuru. Alisema serikali imenitoa kazini mapema mno, ingeningoja nikue kwanza. Kisha akafua suti, akiwa amenuna, na mimi nikamshikia beseni.

Zimebaki siku mbili, na sina mkate wala suti. Sitanii, leo usingizi utakuwa wa shida. Laurenti akisimama mbele ya ndugu wote kwenye kipaimara cha mwanangu, akimkatia mwanangu mkate, nitaweka wapi uso?

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda mjini kumpeleleza Laurenti. Nilibeba vitunguu kama zawadi ili nisishukiwe.

Oveni inang'aa. Ina taa ndani, unauona mkate ukiumuka bila kufunua chochote. Laurenti akanionjesha wa majaribio. Mlaini. Nikasema si mbaya, nikala vipande vinne ili kuwa na uhakika.

Kisha nikatekeleza Mkakati Namba Nne: nikamdokeza kwamba mama anapenda mkate wenye chumvi nyingi. Laurenti akashangaa. Akasema mama amemwambia kijiko kimoja kidogo tu.

Amemwambia lini?

Kumbe wanaongea kwa simu! Wiki tatu sasa! Anapiga, anamwamkia, anauliza, mama anajibu. Nikamwambia hiyo ni kuvunja mila. Akasema mila inakataza kuingia jikoni, na yeye yuko sebuleni kwake, kilomita kadhaa kutoka jiko lolote la mama.

Nilirudi kwa bodaboda nikiwa na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa kwangu mwenyewe. Miaka ishirini na mbili!

Jioni nikakaa sebuleni, nikapiga namba yake. Simu ikaita jikoni, hatua kumi kutoka nilipo. Akapokea. Sauti yake nikaisikia mara mbili, sikioni na dirishani.

Nikamwambia mama, shikamoo, ni mimi Hosea, naomba unifundishe mkate.

"Mkwe," akasema, "tangu Jumatatu nakungoja uulize."

Akanifundisha nusu saa nzima. Kiganja kimoja cha makaa chini, vitatu juu, kwa kuwa sufuria nzito hutunza moto wake. Usifunue. Usifunue hata akija mchungaji. Kaa getini; harufu ikikufikia getini, umeiva. Nikauliza nitajuaje kama togwa imechachuka. Akasema niweke sikio karibu na chungu, nitaisikia ikinong'ona. Kwa hiyo kweli inasema!

Sikuyahesabu maneno ya leo. Yalikuwa mengi mno.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeoka.

Mama mkwe alinitolea ile sufuria yake, akaiacha uani, akarudi ndani. Nilizungushia jiko mabati kuzuia upepo. Nilikanda hadi mabega yakalia. Nilipanga makaa kama nilivyoambiwa. Kisha nikaenda kukaa getini na kuikalia mikono yangu yote miwili, maana naijua. Majirani walipita wakaniuliza namngoja nani. Nikasema nangoja harufu. Wakaongeza mwendo.

Ikaja. Asali kwanza, kisha uwele, kisha kitu ambacho nilikisikia mara ya mwisho siku ya harusi yangu, nikiwa nimekaa nje ya nyumba ya kina Eliza nikisubiri kuitwa.

Mkate si mrefu. Umepasuka upande mmoja, na vijivu kidogo viliniponyoka vikauangukia nilipofunua. Lakini nilionja pembeni, na nikaonja tena. Martina akaonja, akaomba kipande kingine, nikamkatalia. Sijafurahi hivi tangu nistaafu, na pengine hata kabla ya hapo. Nimeufunga kwa kitambaa cheupe. Niache kuandika, nikauangalie tena.

Jumapili, 21 Septemba

Ibada nzuri. Martina alijibu maswali yote. Suti inanukia togwa kidogo lakini hakuna aliyesema.

Tuliporudi, Laurenti akashusha mkate wake kwenye gari. Wageni waliguna! Mrefu, wa duara, unang'aa juu kama umepakwa rangi ya viatu. Eliza akaikata mikate yote jikoni, akapanga vipande kwenye sahani mbili na kuzileta mezani. Yangu imefunikwa kitambaa cheupe, ya Laurenti cha maua. Kisha wote wakatoka kupiga picha na Martina.

Nikabaki na sahani mbili.

Nikafunua kidogo. Vipande vyake vimesimama wima kama wanakwaya. Vyangu vimeegemeana kama watu waliotoka msibani. Moyo ukanivunjika, nasema kweli. Nikaona mama mkwe akiucheka wangu mbele ya ukoo mzima. Mkono ukatoka wenyewe na kubadilisha vitambaa.

Ni sekunde tatu tu. Mkakati mfupi kuliko yote.

Mama mkwe akakaa kwenye kiti chake, mimi nikasimama mlangoni kama inavyonipasa. Akaonja kutoka kitambaa cheupe. Akatafuna, akamwambia Eliza ni mkate mzuri, wa dukani hauuzidi. Watu wakapiga makofi. Nikainama kwa unyenyekevu.

Kisha akaonja kutoka kitambaa cha maua. Akaacha kutafuna. Akafumba macho. Akachukua kipande cha pili, yeye ambaye huwa harudii kitu.

"Huu ni mkate wa mama yangu," akasema. "Sufuria apewe mwenye kitambaa cha maua."

Vigelegele. Laurenti akapokea sufuria kwa mikono miwili huku akilia, akisema kwamba hata yeye mwenyewe hakujua kama anaweza. Wakanituma mimi nikamsaidie kuipakia kwenye gari. Nzito sana.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka mara mbili. Lakini ningesemaje? Kwamba mkate mzuri ni wangu, ila niliuonea aibu nikaugawa? Martina alikuwa ananiangalia. Nikala kipande kimoja cha kitambaa cha maua. Ulikuwa mtamu kuliko jana.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Niliagana naye kutoka upande wangu wa ua, macho chini zaidi ya siku zote. Saa tano simu ikaita. Ni yeye, bado yuko njiani. Nikapokea nikiwa nimesimama.

Akaniuliza kama nadhani oveni ya umeme hutoa majivu. Nikasema hapana, mama. Akasema yeye alikuta majivu mdomoni kwenye mkate wa kitambaa cha maua, kidogo tu, chembe.

"Nilikusubiri useme," akasema. "Sufuria nilikuletea wewe, mkwe. Lakini anayeukana mkate wake, hata sufuria ataikana."

Hakukata simu kwa hasira. Aliongeza kwamba mkate ulikuwa safi, niukande tena, nisiache, na nimsalimie Martina. Kisha mtandao ukapotea, au aliona yamemtosha.

Nilikaa getini kwa saa nzima. Nimejitazama kwa undani, kama mtu mzima anavyopaswa kufanya. Nimekubali kosa langu kikamilifu. Kosa langu lilikuwa kubadilisha kitu bila kukifuta majivu kwanza.

Mchana nilishuka sokoni mjini. Kuna mzee anauza vyombo vya chuma vya zamani, na amenitolea sufuria nzito, nyeusi, yenye mfuniko mpana. Nimeipima kwa kiganja, nimeigonga kwa kidole. Imefanana kabisa na ile. Sasa iko ndani ya kabati la nguo, chini ya suti. Laurenti na mke wake huwa kanisani kila Jumapili mpaka saa sita, na jiko lao nimegundua halifungwi kwa kufuli. Mkakati Namba Sita. Safari hii nitaifuta vizuri.