Mbwana na Dhoruba ya Serikali

Reli ilipofika Dodoma, serikali ya Wajerumani iligundua kwamba wenyeji walikuwa wakilala chini ya mapaa ya udongo ya matembe yao tangu enzi za mababu bila ruhusa ya mtu. Ikawahurumia. Na huruma ya serikali, kama ilivyo desturi yake, ilitoka ikiwa imechapwa: kijitabu cha jalada la kijani, *Kujikinga na Dhoruba*, kilichogawiwa bomani kwa watu wasiojua kusoma.

Mbwana alijua. Mzaliwa huyu wa Bagamoyo alikuja na kazi ya reli, akalala kambini miaka yote mgongo kwa mgongo na wanaume wanaokoroma. Alitaka kitu kimoja tu duniani: chumba chenye paa la bati, na ndani yake yeye peke yake.

Akakichukua kijitabu, akaenda kwa mzee Matonya, mwenye zizi lililofurika na ubahili uliosifika hadi Chemba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kula?"

"Nimekuja kukuokoa." Akafunua kijitabu kwa uso wa hakimu. "Inakuja dhoruba ya kulaza matembe yote. Serikali imetenga nafasi bomani, ndani ya kuta za mawe. Nafasi moja, ng'ombe mmoja."

"Imeandikwa hivyo?"

"Na picha ipo."

Picha ilikuwa ya Mjerumani akifunga dirisha. Matonya aliitazama kwa heshima.

"Na mke wangu?"

"Naye alipiwe ng'ombe wake."

"Ah, yule ni mzima, atastahimili. Chukua wale wanne, nipate na pa kujinyoosha. Ila sema mbele ya majirani hawa waliokusanyika, mwanangu: umewapokea?"

"Nimewapokea!"

"Wao na mambo yao yote?"

"Na mambo yao yote!" aliitikia Mbwana, kama bwana harusi mwenye haraka.

Muda si muda ng'ombe wakageuka mabati, mlango na kufuli, nyuma ya stesheni. Mbwana akalala kama gavana.

Kisha dhoruba ikaja kweli. Hakuna aliyeshangaa kuliko Mbwana.

Jioni mlango uligongwa. Nje alisimama bibi mmoja na chungu kichwani. Nyuma yake wajukuu, wakwe, kuku na mbuzi mwenye kikohozi.

"Ndiwe Mbwana? Mimi Zipora, mama mkwe wa Matonya. Tembe letu limelala. Wale ng'ombe ni wangu, yeye alinifugia tu. Na kwetu, ukikosa nyumba unakwenda kwa anayekufugia. Amesema uliwapokea wewe, na majirani walisikia."

"Bibi, ng'ombe hawapo! Nimewabadilisha kwa mabati!"

Zipora akainua macho, akasikiliza mvua ikilipiga paa.

"Basi si hawa hapa? Nitalala chini ya ng'ombe wangu. Sogea, mjukuu wangu, unaziba mlango."

Wakaingia wote. Alipohesabiwa mbuzi, nafasi ya Mbwana ilikuwa imekwisha.

Akakimbia matopeni hadi kwa Matonya, ambaye tembe lake lilisimama bila wasiwasi.

"Mzee, umenitapeli!"

"Mimi? Kila masika nilikuwa siogopi mvua, namwogopa mama mkwe chini ya paa langu! Uliahidi kuniokoa, ukaniokoa. Ile nafasi ya bomani mpe maskini mwingine."

"Basi nipe japo pembe nilale."

Matonya akamtazama kwa upole mkubwa.

"Kwani una ng'ombe kwangu?"

Mlango ukafungwa. Mbwana akatoa kijitabu kifuani, akakifunua katikati, akajifunika nacho kichwani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu kichapwe, kikamkinga mtu na dhoruba, kuanzia utosini hadi masikioni.