Daktari Alikataza Kujikuna

Jumatatu, 3 Machi
Ukurutu umerudi: viwiko, shingo, nyuma ya magoti. Daktari wa ngozi anasema hauponi kabisa, hutulizwa. Nioge maji vuguvugu, nijipake mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevu, krimu yake kwenye wekundu. Chini ameandika: "Marufuku kujikuna." Sentensi safi. Mwalimu mkuu ameniahidi kiti cha msimamizi wa mashindano ya imla Jumamosi, mradi shingo iwe imekauka. Mwaka jana niliwatisha watoto. La sivyo, kiti ni cha Hesabu, jirani na mwalimu mstaafu mwenzangu, aitwaye kwa somo alilofundisha, mtu asemaye "vitabu hii". Haiwezekani!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yangu, tabibu wa homiopathi, aliniuliza kama naogopa radi na nalalia ubavu gani. Nilijibu kwa sentensi kamili. Alinipa vidonge vitamu, vidogo kama punje za mtama. Dawa imezimuliwa mpaka haipo, akasema, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kivumishi bila nomino! Nilimeza. Mwasho huzidi kwanza, kisha hupungua, akaonya. Sehemu ya kwanza imetimia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeisoma upya karatasi ya daktari. Kujikuna: -ji- ni kirejeshi, mtenda ndiye mtendwa. Kukunwa hakukutajwa! Niliegemea fremu ya mlango; fremu ikanikuna. Raha iliyoje! Mke wangu alinikuta, akauliza mzee nimekuwa ng'ombe lini. Nilimfafanulia kauli ya kutendwa. Akanijibu nikamfafanulie daktari, yeye ana sufuria jikoni.

Alhamisi, 6 Machi
Fremu asubuhi, mkeka mchana. Krimu sikuipaka, ingenitelezesha kwenye fremu. Shingo inatoa majimaji. Nimeongeza vidonge na skafu. Hesabu alichungulia juu ya ukuta, akaniuliza baridi hiyo imeniingilia wapi juani. Mfidhuli!

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu mkuu aliniomba nivue skafu. Basi. Hesabu alikalia kiti changu, akasoma "vitabu hii" kwa sauti ya kengele. Watoto waliandika walichosikia. Wote wamefaulu.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari alisikiliza utetezi wangu mpaka mwisho, akavua miwani, akaandika kwa herufi kubwa: "USIJIKUNE, USIKUNWE." Mke wangu akacheka kwamba leo nimefungwa kamba pande zote. Hajui sarufi. Imebaki kauli ya kutendana. Hesabu analalamika mgongo unamwasha. Nimemwalika kesho, tukunane.