Rubisi ya Kumrudisha Mama

Jumanne, 9 Januari 1973. Nyanga

Mama amenoba. Ndivyo tunavyosema kwa Kihaya mke anapobeba nguo zake na kurudi kwao. Kwao ni Buganguzi, huko Muleba. Aibu gani hii! Baba yangu, Mzee Mutembei, ni balozi wa nyumba kumi. Wanandoa wanaogombana huja kwake. Anayelalamikiwa huleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hayo ndiyo malipo ya wazee. Wanasikiliza, wanakunywa, wanapatanisha, wanaendelea kunywa. Mama anawapikia. Jana alisema Baba anapatanisha wake za watu, ila wa kwake hajakaa chini tangu Krismasi. Baba akajibu kuwa hiyo ni kazi ya taifa. Mama akaacha ndizi jikoni, nusu zimemenywa.

Nimemaliza darasa la saba. Sina kazi. Nitawapatanisha mimi.

Jumatano, 10 Januari

Shangazi Celina anasema mume humfuata mke kwao na rubisi, wazee wa huko wakasikiliza. Baba hataki. Eti balozi hahukumiwi. Eti Mama atarudi mwenyewe, maharage yake yamekaribia kuvunwa.

Ijumaa, 12 Januari

Mpango! Karugendo ameleta kibuyu chake mapema. Kesi yake na mkewe Klaudia ni Jumapili. Nimekichukua, nikapanda basi la Muleba, nimekipakata. Kondakta akauliza mtoto niliyempakata mbona halii. Basi zima likacheka. Nilitamani kushuka.

Buganguzi nilipiga magoti, nikasalimu. Mjomba Projestus akauliza kama Baba ndiye aliyenituma. Nikainamisha macho. Wakasema huyu binti ana adabu, wakafungua kibuyu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulilainika, niliuona kabisa! Akauliza kama Baba anakula vizuri.

Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mume akileta rubisi amekiri kosa. Kibuyu hakijafika nusu, wameshamhukumu Baba. Tena wanataka aje mwenyewe na kibuyu kingine, maana mtu mzima hamtumi mtoto kwenda kukiri kwa niaba yake.

Jumapili, 14 Januari

Karugendo na Klaudia wamekuja. Hakuna rubisi, hakuna kikao. Baba ametafuta hadi chini ya kitanda. Klaudia akasimama katikati ya uwanja: "Balozi, umekunywa ndoa yetu!" Karugendo akacheka mpaka akashika ukuta. Wakaondoka bega kwa bega, wakimsema Baba njia nzima. Tangu mwaka jana walikuwa hawajatembea pamoja! Kesi moja nimeshaimaliza.

Jioni mtu wa Buganguzi akaleta maneno ya Mjomba: shemeji, umeshakiri, sasa njoo. Baba alinigeukia. Hakunipiga. Ingekuwa nafuu.

Jumanne, 16 Januari

Tumekwenda. Baba alibeba kibuyu mwenyewe. Akakaa chini kwenye nyasi, pale wanapokaa wanaohukumiwa, akaweka kofia magotini. Sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Mama aliomba jambo moja. Vikao vihamie kwingine, na yeye apate jioni moja ya kukaa na mumewe bila mashahidi. Hakulia. Wajomba wote wakamgeukia Baba. Nikaomba kimoyomoyo, sema ndiyo, Tata, baba yangu, sema ndiyo.

Baba akasema atalifikisha suala hilo kwenye kamati.

Kamati! Mama akainuka, akaingia ndani. Mjomba Projestus akasema, "Shemeji, hapa si mkutanoni." Kisha wakamaliza kibuyu, maana kilikuwa kimeshaletwa.

Alhamisi, 18 Januari

Baba amemenya ndizi mwenyewe. Utomvu umemganda mikononi. Amepika, katikati mbichi. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama nilimwona Mama amekonda. Nikasema hapana. Akasema yeye aliona amekonda. Akatoka nje, akakaa peke yake kwenye kiti cha balozi.

Nimelia kidogo. Kisha nikafikiri.

Sasa kosa nimeligundua. Kosa ni rubisi! Wazee wanaolipwa pombe hawana haraka ya kumaliza neno. Padri hanywi rubisi ya kesi. Na parokiani msichana akitaka utawa, padri huwaita wazazi wake wote wawili, akawakalisha benchi moja. Hapo watazungumza, watake wasitake.

Mimi sina wito wowote. Ila nimeshamwambia Shangazi Celina kwamba ninao. Amenikumbatia, amelia, amekwenda kuwatangazia majirani.